Jinsi ya kutengeneza sehemu ya kukaa bustanini (anza na kiti kimoja cha plastiki)

Nianze na aibu yangu kabisa. Benchi la kwanza nililojenga bustanini lilikuwa la zege, nikaita fundi, tukapiga mbao tukamwaga, refu kama mita 2 hivi, likapakwa na rangi nzuri tu, na hakuna mtu aliyewahi kulikalia zaidi ya dakika tano. Kuanzia saa 8 mchana lilikuwa linachomeka kama kikaango, hata jua likizama bado limebeba joto lake lote, ukikaa unahisi umekalia pasi. Na muda wote huo watu wa nyumbani walikuwa wanakaa wapi? Kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Ngazi mbili tu za saruji, hapo ndo stori zote, hapo ndo watoto wanavulia viatu, hapo ndo mtu akipigiwa simu ndefu anaenda kuketi. Mi nimejenga kule, watu wako huku.

Kwahiyo kabla ya kitu chochote, kabla hujaangalia picha za viti, angalia watu wako wanakaa wapi sasa hivi bila kuambiwa na mtu. Kuna sababu wamepachagua hapo hata kama wenyewe hawawezi kukwambia, labda kuna kivuli, labda ni karibu na mlango, labda mtu akikaa pale anaona geti na hakuna anayeweza kumtokea kwa nyuma. Hiyo sababu ndo unayoitafuta.

Wiki moja na kiti kimoja

Chukua kiti cha plastiki, kile chepesi kabisa, na utembee nacho. Wiki nzima. Asubuhi kaa sehemu moja, mchana nyingine, saa 11 jioni nyingine, usiku pia, na usikae dakika mbili ukanyanyuka, kaa robo saa au zaidi mpaka mwili wenyewe uanze kulalamika au usahau kabisa kwamba uko kwenye zoezi. Ukisahau ujue hapo pana kitu.

Cha kuangalia ni jua kwanza. Upande wa mashariki wa nyumba unapata jua la asubuhi ambalo wengi wanalipenda, alafu mchana nyumba yenyewe inaanza kukupa kivuli. Upande wa magharibi ni kinyume, asubuhi pametulia ila alasiri jua linakuja limelala, linaingia chini ya mti, chini ya mwamvuli, linakupiga usoni moja kwa moja. Benchi langu lilikuwa magharibi, si unaona. Na kama unaishi mbali na ikweta kumbuka njia ya jua inabadilika sana kati ya msimu na msimu, pale penye kivuli mwezi huu panaweza kuwa wazi kabisa miezi sita ijayo, kwahiyo zoezi hili rudia msimu mwingine kabla hujamwaga kitu cha kudumu.

Pili upepo. Tatu harufu, na hapa watu wanajisahau, unapanga kila kitu vizuri kumbe shimo la maji machafu liko mita tatu nyuma yako na upepo wa jioni unatokea huko huko. Nne kelele. Tano nani anakuona, maana mtu akijihisi anaangaliwa hakai, anapita tu.

Na umbali kutoka jikoni, hili dogo lakini ndo linaua sehemu nyingi nzuri. Kama mtu anatakiwa kuzunguka nyumba nzima na trei mkononi, atafanya mara mbili mara tatu akiwa na hamu ya mwanzo, baada ya hapo atakunywa sebuleni. Sehemu ya mbali na nyumba inafaa kwa mtu mmoja anayetaka kujificha, na kitabu chake au na mawazo yake. Ya watu wengi iwe karibu.

Ndo maana kwa maoni yangu vijisehemu viwili au vitatu vidogo vinashinda kile kimoja kikubwa cha kwenye picha. Kiti kimoja cha asubuhi mashariki, sehemu ya familia jioni karibu na mlango, na labda kigogo kule mwisho wa bustani. Bustani ndogo pia inawezekana, kigoda hakihitaji eka.

Mgongo

Angalia watu wakiingia sehemu yenye viti vingi vitupu, wengi watakimbilia vile vya ukutani au vya kona. Binadamu hapendi mgongo wazi. Kiti ukikiweka katikati ya ukoka, pande zote wazi, kitapendeza kwenye picha na kitabaki kwenye picha. Kiegemeze kwenye kitu: ukuta, ua wa majani, shina la mti mnene, hata vyungu vitatu vikubwa vilivyopangwa nyuma, alafu mbele acha pafunguke, mtu awe na cha kuangalia, iwe ua moja zuri au njia ya kuingilia au mbingu tu.

Kwenye kujificha na macho ya watu, wengi wanakimbilia ukuta mrefu wakati mtu akiwa ameketi macho yake yako kwenye mita 1.2 hivi kutoka chini. Ua wa majani wa mita 1.5 unatosha kabisa kumficha aliyekaa dhidi ya anayepita kwa mbali kidogo, na bado ukisimama unaona nje. Njia rahisi ya kupima: wewe kaa, mwenzako asimame pale anapopita jirani, mwingine ashike kitenge au shuka apandishe taratibu mpaka mseme basi. Kama anayekuona yuko ghorofani basi ua hausaidii, hapo unahitaji kitu cha juu, tawi la mti au pagola (nguzo zenye mbao za kupitana juu, bila paa) yenye mmea unaotambaa.

Upepo nao una ujanja wake. Ukuta mzima ulioziba haukati upepo vile unavyofikiria, upepo unaruka juu yake alafu unaanguka upande wa pili kwa vurugu. Kizuizi chenye matundu, kama nusu wazi nusu kimeziba, mfano majani au mbao zilizoachana, kinaupunguza nguvu taratibu na kinga yake inafika mbali zaidi.

Vipimo (hapa usikisie)

Wengi wanatengeneza pafupi. Viti viwili na kimeza kidogo katikati vinataka mita 2 kwa 2 hivi. Meza ya watu wanne inataka mita 3 kwa 3, na sababu sio meza, sababu ni kiti kusogea nyuma mtu anaponyanyuka, kutoka ukingo wa meza acha sentimita 80 mpaka 90, ukiacha chini ya hapo mtu wa kona atakuwa anaomba njia kila saa. Kila mtu mezani mpe sentimita 60 za upana. Njia ya kufika hapo sentimita 90 kwa mtu mmoja, 120 kama mnataka kutembea wawili mkiongea.

Kimo cha kiti ni sentimita 43 mpaka 45, meza ya kulia 72 mpaka 75. Vile vikochi vya chini vinavyopendeza, vya sentimita 35 kushuka chini, mtu mzima mwenye magoti yanayouma akishakaa hanyanyuki bila msaada, kwahiyo hata kama umevipenda weka angalau kiti kimoja kirefu kidogo chenye mikono ya kushikilia. Benchi bila egemeo ni la kufungia kamba za viatu, ukitaka watu wakae saa nzima weka egemeo lililolala nyuma kidogo, lisiwe wima kama ukuta.

Chora eneo lako chini kwa mpira wa maji au kamba, weka viti ndani yake, wakae watu kweli, wasukume viti nyuma, wapishane. Acha hiyo kamba hapo siku mbili tatu. Utaisogeza, nakuhakikishia.

Sakafu

Hapa ndo pesa na jasho vinapoenda. Kiti juu ya udongo mtupu kinazama mguu mmoja, mvua ikinyesha ni tope, na ukoka unaokaliwa kila siku unakufa unabaki upara. Rahisi kuliko zote ni kokoto. Unachimba sentimita 7 au 8, unasawazisha na kushindilia, unatandika kile kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji, unaweka kingo za mawe au mbao ili kokoto zisitembee, alafu unamwaga kokoto ndogo unene wa sentimita 5. Eneo la mita 3 kwa 3 linakula karibu nusu mita ya ujazo. Usizidishe unene ukadhani ndo ubora, ukiweka sentimita 10 utakuwa unatembea kama uko ufukweni na miguu myembamba ya viti itazama. Ubaya wa kokoto ni viti vya miguu kama sindano na kiti cha magurudumu, kama nyumbani kuna anayetumia wheelchair au fimbo sahau kokoto.

Ukitaka vitofali vya pevingi kazi inaongezeka. Chimba kama sentimita 18, kwanza jua mabomba na nyaya zinapita wapi maana sururu haiulizi. Weka tabaka la kokoto iliyochanganyika na vumbi lake, sentimita 10, umwagilie ushindilie, na ushindilie kwa awamu mbili sio kumwaga yote kwa mpigo, juu yake mchanga sentimita 3 uliosawazishwa kwa ubao, alafu vitofali, kwa kawaida vina unene wa sentimita 6. Mwisho unafagilia mchanga mkavu kwenye mianya. Kingo zifungwe kwa zege kidogo la sivyo baada ya msimu mmoja vya pembeni vinaanza kuhama.

Na mwinamo! Fundi wengine ukiwaachia wanaweka pima maji wanahakikisha pamelala sawa kabisa wanakuita uje usifie, alafu mvua ya kwanza una bwawa. Kila mita moja ishuke sentimita 1 mpaka 2 kuelekea mbali na nyumba, kwa mita 3 ni kama sentimita 5 kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Macho hayaoni, kikombe hakimwagiki, ila maji yanajua pa kwenda.

Mi mwishowe zile ngazi za nyuma ndo nilizifanyia kazi. Nikapanua ile ya juu ikawa kama kijukwaa cha mita moja na nusu kwenda mbele, kina cha kutosha kuweka viti viwili, chini yake nikamwaga kokoto, nikapanda mti upande wa magharibi wa kukinga lile jua la jioni. Basi. Kazi ya siku nne na imetumika kuliko vitu vyote vilivyoko kwenye ile bustani.

Kivuli

Mti ndo bora, hakuna ubishi, kivuli cha mti kina ubaridi ambao bati halina. Ila chagua mti gani unakaa chini yake. Mti unaodondosha matunda mazito ni hatari, unaodondosha yaliyoiva ni madoa na nyuki, na mti ambao ndege wanalala usiku utajua asubuhi ukiona viti. Kama unajenga benchi la kuzunguka shina acha nafasi ya kutosha shina linenepe, usikate mizizi mikubwa kupata usawa, na usirundike udongo kwenye shina, mti unaoza pale pale taratibu na wewe unashangaa unakauka kwanini.

Mwamvuli ni mzuri jua likiwa utosini. Likishafika nusu ya kushuka, kivuli cha mwamvuli wenye kimo cha mita 2 kinakuwa kimesogea mita 2 pembeni, yaani kivuli kiko kwa jirani na wewe uko juani. Nunua unaoinama, au usogeze wewe kiti. Na uufunge usiku, upepo ukiukuta wazi unaondoka nao.

Pagola inataka nguzo zilizochimbiwa vizuri, kimo cha mita 2.3 kwenda juu ili mmea ukishaning'inia watu warefu wasipigwe vichwani. Mmea wa kutambaa utachukua mwaka au miwili mpaka ufunike, katikati hapo tandaza shedineti, ule wavu wa kukinga jua. Penye majira ya baridi panda unaopukutisha majani, unakupa kivuli kipindi cha joto na jua kipindi cha baridi bila kufanya kitu.

Viti vyenyewe

Hapa nitakuwa mfupi maana watu wote wanaanzia hapa na wanajua kuliko mimi. Mtu mmoja anaitwa William H. Whyte alichunguza viwanja vya New York miaka ya 1970, akagundua kitu cha kuchekesha, watu wakikuta kiti kinachosogezeka wanakisogeza kidogo tu kabla ya kukaa, sentimita chache, hata kama hakuna sababu. Ndo raha yenyewe, mtu anapapata mahali pake. Kwahiyo kama una hela ya kitu kimoja chukua viti vyepesi badala ya benchi la kujengea (mi na zege langu sina la kusema). Usivipange mstari mmoja kama mnasubiri daktari, vipange kwa pembe, magoti yakikaribiana kidogo, mazungumzo yanakuja yenyewe.

Mbao zinaoza kuanzia miguuni, ule mwisho uliokatwa unanyonya maji kama mrija, kwahiyo usisimamishe mguu wa mbao kwenye udongo, weka jiwe au kigae chini. Vanishi nje inababuka, mafuta ya mbao mara moja au mbili kwa mwaka yanadumu na ni rahisi kurudia. Skrubu ziwe za kutoshika kutu. Chuma kinashika joto hatari, kalia na mto. Plastiki ikikaa juani miaka inakuwa kavu kama biskuti, kabla ya kumpa mgeni mzito angalia nyufa kwenye miguu. Na wale wa kutengeneza viti vya pallet, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, tafuta muhuri ubavuni: HT maana yake mbao zimetibiwa kwa joto, hizo sawa, ukiona MB ni dawa ya sumu ya methyl bromide, achana nazo.

Mimea, mbu na taa

Mimea ya harufu iweke pale mkono unapofika, mrihani, mchaichai, asumini, kwasababu mingi inatoa harufu ukiigusa au usiku usiku, ukiiweka mita tano ni mapambo tu. Yenye miiba isiwe kwenye usawa wa bega la aliyekaa. Na kama kuna watoto wadogo usipande oleanda karibu, kile kichaka cha maua, mmea wote ni sumu.

Mbu sasa. Watu wanaweka chungu cha mchaichai wanategemea mbu wakimbie, haiendi hivyo, mafuta yako ndani ya jani na mpaka ulivuruge ndo yanatoka. Kinachofanya kazi ni kuondoa maji yaliyotuama, visahani vya chini ya vyungu, tairi, ndoo, mfereji wa paa ulioziba, angalau mara moja kwa wiki, maana penye joto yai linafika mbu kamili kwa siku 7 mpaka 10 hivi. Ukimwaga kila wiki unamkata katikati. Cha pili ni feni. Feni ya kawaida kabisa ikielekezwa kwenye miguu ya waliokaa, mbu ni warukaji dhaifu hawawezi kupambana na ule upepo. Waya wake tu usipite kwenye maji, na soketi ya nje iwe ya nje kweli.

Taa, kosa la kila mtu ni balbu moja kali nyeupe ukutani inayomulika watu usoni kama mahojiano ya polisi, na wadudu wote wa mtaa wanahamia hapo. Chukua za rangi ya joto, mwanga wa kama njano, kwenye boksi imeandikwa 2700K, ziweke chini au nyuma ya majani, nyingi ndogo ndogo, na moja kwenye ngazi ili mtu asianguke. Za sola zinafaa kuonyesha njia, kusomea hapana, na paneli ikiwa kivulini hazitawaka unalaumu bure.

Mito ya viti isilale nje. Sponji inakunywa maji, juu unaona pamekauka kumbe ndani ni ukungu unanuka. Tengeneza kasha la mbao lenye mfuniko, kimo sentimita 45, toboa matundu pembeni lipitishe hewa, mito inaingia humo usiku na mchana kasha lenyewe linakuwa kiti cha ziada. Ile benchi ya zege bado ipo, nimepanga vyungu juu yake, ile mimea ya jangwani, hiyo joto la pale inalipenda sana.